NYUKI ANAKULA NINI MASHAMBANI MWETU?

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya masheha, watumishi wa Serikali, wakulima na wafugaji wa nyuki. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwahi kuhudhuria.)





Kila tunapokutana kuzungumzia nyuki, swali letu huwa moja: nyuki anatupa nini? Tunahesabu asali, tunahesabu nta, tunapiga hesabu ya bei ya sokoni. Leo nimetumwa kuligeuza swali hilo na kuuliza: sisi tunampa nini nyuki? Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yana upande wa pili ambao mara nyingi tunausahau: nyuki naye hufuata ua. Pasipo na ua hakuna nyuki wa kumfuata wala asali ya kula.

Ndugu wananchi,

Sababu ya kuzungumza jambo hili inajulikana na wengi waliomo humu ukumbini. Si jambo geni kwa kikundi cha ufugaji kutengeneza au kupewa mizinga mizuri, kuitundika mahali pazuri, nyuki wakaingia wenyewe, wakajenga masega, kisha baada ya miezi michache wakaondoka wote siku moja na kuuacha mzinga mtupu. Hapo maneno huwa mengi. Mmoja husema mzinga umetiwa jicho baya, mwengine humlaumu jirani, na mwengine hukata tamaa akaufanya mzinga ule kuni. Ni kweli kwamba siafu, joto kali, moshi na kusumbuliwa mara kwa mara humfanya nyuki ahame. Lakini ipo sababu nyengine isiyoonekana kwa macho ya haraka, nayo ni njaa.

Nyuki wa nchi za baridi anapokosa chakula hana pa kwenda, hubaki na akiba yake mpaka aokoke au afe. Nyuki wetu wa Afrika ana tabia nyengine. Akiona chakula kinapungua, hupunguza kulea, humaliza akiba iliyopo, kisha kundi zima huhama kutafuta mahali pengine. Kwa hiyo mzinga mtupu ni barua aliyotuachia nyuki, na mara nyingi iliyoandikwa ndani yake ni kwamba hapa hapana chakula cha kutosha.

Tuanze basi na kukijua chakula chenyewe. Nyuki hula vitu viwili vitokavyo katika maua. Cha kwanza ni mbochi, yaani maji matamu ya ua, ambayo huyachakata yakawa asali. Hiki ndicho chakula cha kumpa nguvu ya kuruka, kufanya kazi na kuweka mzinga katika joto lake. Cha pili ni chavua, yaani ule unga wa ua, ambao huubeba katika miguu yake ya nyuma kama vidonge vidogo vya rangi. Ndani ya mzinga chavua huchanganywa na asali kidogo, hushindiliwa katika vijumba vya sega na kugeuka kuwa kile wafugaji wanachokiita mkate wa nyuki. Ndani ya chavua mna protini, mafuta, vitamini na madini. Tukilinganisha na chakula chetu, mbochi ni wali na chavua ni mchuzi wa samaki. Mtu anaweza kushiba wali mtupu, lakini mtoto hakui kwa wali mtupu.

Kazi kubwa ya chavua ni ulezi. Katika msimu mwema malkia huweza kutaga zaidi ya mayai 1,000 kwa siku moja. Majana wanaototoka katika mayai hayo hulishwa na nyuki vijana, nyuki walezi, kwa maziwa yatokayo katika tezi za vichwa vyao. Tezi hizo hazifanyi kazi ila mlezi awe amekula chavua ya kutosha. Ni sawa na mama anyonyeshaye: akikosa chakula yeye, aliyepakatwa ndiye anayeumia.

Lakini si kila chavua ina thamani moja. Wataalamu waliopima chavua za mimea mbalimbali wameona kwamba zipo zenye protini chini ya asilimia 5 na zipo zinazozidi asilimia 50. Aidha, tokea mwaka 1953 inajulikana kutokana na kazi ya mtaalamu de Groot kwamba nyuki anahitaji asidi amino 10 ambazo mwili wake hauwezi kuzitengeneza, nazo ni viungo vya protini. Ikipungua moja tu kati ya hizo, nyingi zilizobaki hazimfai kitu, mfano wa fundi mwenye matofali tele na saruji hana. Chavua ya mahindi ni dhaifu kwa mizani hiyo. Chavua ya baadhi ya mikaratusi imepungukiwa na moja katika asidi hizo, ingawa mti wenyewe hutoa mbochi nyingi. Nyuki anayekaa katikati ya mikaratusi mitupu anaweza kuwa na asali tele na bado akashindwa kulea.

Hivyo dawa ya nyuki ni kuchanganya. Ua moja likipungukiwa na hiki, jengine hukijaza. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionesha kwamba nyuki waliolishwa chavua ya mchanganyiko walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuzalisha kile kimeng'enya kinachokinga chakula chao na vijidudu kuliko wale waliolishwa chavua ya aina moja. Na sisi tuliokaa chuoni tukiwa wadogo tunakumbuka kwamba imo katika Kurani Tukufu sura ya 16 iitwayo kwa jina la nyuki, na kwamba humo chakula cha mdudu huyu hakikutajwa kuwa cha namna moja. Jambo ambalo maabara imelipima kwa vyombo halikuwa siri kwa anayesoma na kuzingatia.

Ndugu wananchi,

Yafaa tujue njaa inavyoingia mzingani, kwani haiingii kwa kishindo. Chavua ikipungua, nyuki walezi kwanza hutoa akiba ya miili yao wenyewe ili majana wapate kula. Ikizidi kupungua, hula mayai na majana wachanga ili wale wakubwa waokoke. Malkia hupunguza kutaga. Wanaozaliwa katika kipindi hicho huwa dhaifu na maisha yao huwa mafupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kwamba watenda kazi waliolelewa kwa chavua haba walikuwa wachache zaidi waliotoka kutafuta chakula, na hata ile ngoma yao wanayocheza juu ya sega kuwaelekeza wenzao penye maua haikuwa sahihi kama ya wenzao waliolelewa kwa shibe. Kwa maneno mengine, njaa ya leo huzaa njaa ya mwezi ujao, kwa kuwa waliolelewa na njaa hawajui vyema kukitafuta chakula hata kikiwapo.

Je, kilimo cha kisasa kinahusika vipi? Kilimo cha kisasa kimekuja na neema yake na hakuna mwenye akili atakayeikana. Lakini kina tabia ya kufanya mambo matatu kwa pamoja. Hupanda zao moja katika eneo kubwa, hung'oa au kuua kwa dawa kila jani lisilokuwa la zao lile, na huondoa vichaka na miti iliyobaki mipakani. Matokeo yake nyuki hupata karamu ya wiki chache, kisha saumu ya miezi isiyokuwa na futari.

Mifano tunayo. Katika jimbo la California nchini Marekani, kila mwezi wa Februari mizinga zaidi ya milioni moja husafirishwa kwa malori kwenda kuchavusha mashamba ya milozi, kwa sababu mahali palipo na mlozi mtupu nyuki hawezi kuishi mwaka mzima. Maua yakipukutika, mizinga hupakiwa tena. Mwaka 2019 wataalamu wa jimbo la Iowa, nchini humo humo, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya mizinga iliyowekwa katika mashamba ya soya. Katikati ya msimu mizinga ile ilinenepa na kupata uzito mkubwa, kila mtu akafurahi. Soya ilipomaliza kuchanua, uzito ulianza kushuka na nyuki wakawa wanaila akiba yao. Ile iliyohamishiwa katika mbuga yenye maua ya asili yachanuayo mwisho wa msimu ndiyo iliyopata nafuu. Na huko magharibi ya Ufaransa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba baina ya msimu wa maua ya rapa na msimu wa alizeti, kilichowaokoa nyuki kwa chavua kilikuwa magugu ya mashambani na miti ya pembezoni. Yale tunayoyaita magugu, nyuki huyaita chakula.

Pengine atatokea wa kusema kwamba hayo ni ya watu wenye mashamba ya maelfu ya eka, na sisi Unguja na Pemba tuna eka tatu tatu na vipande vya urithi. Hoja hiyo ina uzito, na kweli mchanganyiko wa miti katika mashamba yetu ya zamani ulikuwa rehema kwa nyuki. Lakini tuangalie kwa makini.

Zao letu kuu la biashara ni karafuu. Tangu ilipoletwa visiwani katika karne ya 19, na khasa baada ya tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba imekuwa ndiyo nyumba yake. Sasa karafuu ni kitu gani? Karafuu ni tumba, yaani ua ambalo halijafunguka. Mkulima hodari huichuma ikiwa imeanza kuona wekundu na kabla haijachanua, kwani ikichanua thamani yake huanguka. Kwa hiyo shamba la karafuu likichumwa vizuri, kama sote tunavyotaka lichumwe, nyuki hapati humo ila yale matumba machache yaliyomponyoka mchumaji kileleni. Tuna vilima vilivyojaa maua ambayo nyuki haruhusiwi kuyaona yakifunguka. Sisemi karafuu ziachwe, hasha. Ninasema tusihesabu mkarafuu kuwa ni malisho ya nyuki, bali tuangalie kilichopandwa kando yake.

Katika mabonde kama Cheju na Bumbwisudi tunalima mpunga. Mpunga, kama yalivyo mahindi na muwa, ni jamii ya majani ambayo hayana mbochi. Mgomba hutoa mbochi kwa wingi, lakini chavua yake ni haba. Mvinje tuliouotesha kwa ajili ya nguzo na kuni huchavushwa na upepo, nao hauna mbochi. Ukichukua ramani ukapaka rangi mahali penye mimea hiyo, utaona kijani kingi kizuri, na nyuki anaruka juu yake akiwa na njaa.

Walishaji wake wa kweli ni wengine. Wa kwanza ni mnazi. Mnazi hufungua karara jipya karibu kila mwezi, mwaka mzima, na hutoa chavua na mbochi pia. Hakuna mti mwengine visiwani ulio mkarimu kiasi hicho bila ya kujali msimu. Wa pili ni mikoko, khasa mchu na mlilana, ambayo haingoji mtu aipalilie. Wa tatu ni msitu wa maweni wa mashariki na kusini ya Unguja, pamoja na misitu ya Jozani na Ngezi. Wa nne ni miti ya matunda ya majumbani: mwembe, mdimu, mchungwa, mzambarau, mpera na mkorosho. Wa tano ni vitu tunavyovidharau: kishona nguo, kivumbasi, mrihani uliotoa maua, mbaazi na kunde za pembeni mwa shamba.

Sasa tujiulize yanayowapata walishaji hao. Mnazi mkongwe hupasuliwa mbao na mahali pake pakakatwa viwanja. Mikoko hukatwa boriti na kuni. Maweni huchomwa makaa na chokaa. Mwembe huuzwa kwa mwenye msumeno. Kishona nguo humalizwa kwa dawa. Kila mmoja katika wakataji hao ana haja yake ya halali na hakukusudia kumdhuru nyuki. Lakini wote kwa pamoja wanaiondoa sahani moja moja katika meza ile ile.

Tena ipo kalenda. Kipindi kigumu kwa nyuki wetu si kiangazi peke yake. Masika yakishika sawasawa, mvua huosha chavua katika maua na huwafungia nyuki ndani siku baada ya siku. Mfugaji aliyevuna asali yote kabla ya mvua, kisha akakaa kusubiri, asishangae kuukuta mzinga mtupu mvua zikikatika.

Na ipo hesabu ya masafa, ambayo naomba Waheshimiwa Masheha waizingatie kwa namna ya pekee. Kwa kawaida nyuki hutafuta chakula ndani ya masafa ya kilomita 3 hivi kutoka mzingani, ingawa akilazimika huenda mbali zaidi. Ukichora duara la kilomita 3 pande zote, utapata kilomita za mraba 28, yaani karibu eka 7,000. Hilo ndilo shamba la mzinga mmoja. Hakuna mfugaji mwenye eka 7,000 visiwani. Nyuki wa mtu mmoja analishwa na majirani mamia, katika shehia mbili, tatu au nne, na hajui mipaka yetu. Tena tusisahau kwamba sisi ni watu wa kisiwani: mzinga uliotundikwa karibu na ufukwe, nusu ya duara lake ni bahari. Mfugaji huyo anategemea nusu iliyobaki tu, na ndani ya nusu hiyo mikoko ikikatwa hana tena cha kutegemea.

Juu ya njaa huja sumu. Nyuki mwenye njaa hustahimili dawa za wadudu kidogo kuliko mwenye shibe. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walionesha kwamba zimo ndani ya asali na chavua chembe ambazo huuamsha mwili wa nyuki kuzivunja sumu, na chembe hizo hazimo katika maji ya sukari. Hapo ndipo inapojibiwa ile hoja ya wanaosema, basi tutawapa sukari. Maji ya sukari ni msaada wa dharura, humwokoa nyuki asife wiki hiyo, lakini ni nguvu tupu isiyokuwa na protini wala mafuta wala madini. Hata unga wa soya unaotumiwa nchi nyengine badala ya chavua una upungufu. Wadudu hawawezi kujitengenezea steroli, aina ya mafuta muhimu kwa ukuaji, na nyuki huipata katika chavua. Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao walitangaza kwamba wamefanikiwa kuzitengeneza steroli hizo kwa kutumia hamira maalumu, na makundi yaliyolishwa kwazo yalilea majana wengi zaidi kwa mbali. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini maana yake kwetu ni hii: imewachukua mabingwa miaka mingi na vyombo vya gharama kukaribia kile ambacho mnazi, mchu na kishona nguo hukitoa bure.

Ndugu wananchi,

Najua lipo swali midomoni mwa wakulima: je, chakula cha nyuki kitangulizwe mbele ya chakula cha watu? Jibu la Wizara ni kwamba hizo si sahani mbili. Tikiti, tango, boga na mung'unye vina maua ya kiume mbali na ya kike mbali, na chavua yake ni nzito, haichukuliwi na upepo. Ua la kike la tikiti hufunguka asubuhi na hufunga siku hiyo hiyo. Nyuki asipopita saa zile, au akipita mara chache, tunda hupukutika changa au hukua upande na kuharibika umbo, na mnunuzi wa hoteli hulikataa. Mkulima hununua mbolea ya pili kwa kudhani ardhi imechoka, kumbe aliyechoka ni nyuki. Tena si nyuki wa mzingani peke yake. Wapo nyuki wadogo wasiouma, na wapo wale wakubwa weusi wanaotoboa miti mikavu, ambao ndio wachavushaji hodari wa mapasheni. Hao hawana mfugaji wa kuwasemea. Uhai wao umo katika vichaka na magogo tunayoyafagia.

Kwa hiyo Wizara inatoa nasaha zifuatazo.

Kwa wafugaji wa nyuki. Kabla ya kutundika mzinga, tembea kwanza. Zunguka pande zote na uandike ni miti gani ipo na kila mmoja huchanua mwezi gani. Ukiona miezi miwili mfululizo haina ua, ama panda cha kuijaza ama tafuta mahali pengine. Usiweke mizinga mingi mahali pamoja kuliko malisho yaliyopo, kwani mizinga 5 iliyoshiba huzidi mizinga 20 yenye njaa. Unapovuna, acha akiba ya masega ya kuwatosha nyuki, khasa masika yakikaribia. Na jifunze kusoma sega. Ukikuta mkate wa nyuki wa rangi nyingi umelizunguka eneo la majana, na majana wachanga wamelala katika maziwa meupe, nyuki wameshiba. Ukikuta rangi moja tu, au hamna kabisa, na majana wakavu waliotawanyika huku na huku, jua kwamba kundi hilo limo njiani kuhama. Ukilazimika kutoa maji ya sukari, toa wakati wa dhiki tu na uache mapema kabla ya msimu wa kuvuna. Asali iliyochanganyika na sukari si asali, na kuiuza ni kumghushi mnunuzi.

Kwa wakulima. Acheni ukanda mwembamba wa maua mipakani na kwenye matuta ya mabonde. Changanyeni mbaazi, kunde na mrihani na mazao mengine. Baina ya mikarafuu pandeni mdimu, mchungwa au mzambarau. Penye mnazi uliokufa pandeni mnazi. Magugu ndani ya zao yapalilieni kwa jembe inapowezekana, na ya pembezoni yaacheni yamalize kuchanua. Ikiwa hapana budi kutumia dawa ya wadudu, msiipulizie juu ya maua yaliyofunguka wala asubuhi nyuki wakiwa kazini, bali jioni wanaporejea, na mumpe khabari jirani mwenye mizinga.

Kwa Waheshimiwa Masheha. Mlango wa jambo hili upo mikononi mwenu, kwa sababu duara la nyuki linavuka shehia na ninyi ndio mnaokutana. Mizinga iliyomo katika shehia ijulikane, wapuliza dawa nao wajulikane, na pande mbili hizi zizungumze kabla ya madhara kutokea. Kamati za uhifadhi wa mikoko na misitu ya jamii ziuchukulie mchu na mlilana kuwa ni malisho yenye wenyewe, si kuni za bure.

Kwa watumishi wenzangu wa Serikali. Tusijitoe. Tuna viwanja vya maofisi, skuli, hospitali na kando za barabara. Tumezoea kuona usafi ni kufyeka mpaka udongo uonekane. Kufyeka si kosa, lakini wakati wake unaweza kupangwa: tungoje maua yamalizike ndipo panga lipite, na tufyeke upande mmoja kwa mmoja badala ya siku moja kote. Tunapopanda miti katika siku za upandaji, tuulize pia mti huo unachanua lini na unampa nyuki nini. Kivuli tutakipata kwa mwarobaini sawa na kwa mvinje, na mwarobaini humpa nyuki maua. Walimu nao wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika kalenda ya maua ya kijiji chao, mwezi kwa mwezi. Kazi hiyo haina gharama ila daftari na macho, na itawafaa wafugaji kuliko vitabu vingi vya kigeni.

Hakuna hata moja katika nasaha hizi linalohitaji kungoja fedha kutoka nje. Mradi huweza kutuletea mizinga, nguo za kujikinga na bomba la moshi, lakini hautatuletea eka 7,000 za maua. Hizo tunazo wenyewe, vipande vipande, kila mmoja na kipande chake: mwenye minazi minne, mwenye uzio wa mrihani, mwenye mwembe mmoja uani. Nyuki huviunganisha vipande hivyo vikawa shamba moja, na kila kipande kinachoondoka hulipunguza shamba la wote.

Yeyote mwenye mizinga iliyohamwa na nyuki anaombwa aifahamishe ofisi ya misitu ya wilaya yake, aeleze mizinga ilipo, mwezi ambao nyuki waliondoka na mimea iliyouzunguka mzinga. Maelezo hayo yataisaidia Wizara kujua ni wapi na katika miezi gani nyuki wetu hulala na njaa, ili upandaji wa miti uelekezwe huko.